Maneno ya Mama wa Benchi

Nianze na kosa langu, kwa sababu mengine yote nitakayosema humu ni ya kuwalaumu watu wengine. Mimi ndiye niliyemchora yule mama. Kilemba kilichokaa upande, pengo la jino la mbele, mkoba mapajani na mikono miwili juu ya mkoba. Niliambiwa nichore mwanamke anayesubiri kumwona daktari, nikamaliza asubuhi moja, nikamwonyesha kila mtu ofisini, tukacheka. Sikuuliza ni nani. Mchoraji anayejiheshimu huuliza.

Aliyeniagiza ni mzee tuliyekuwa tukimwita Mzee Nukta. Alikuwa amesahihisha gazeti miaka ishirini na sita, gazeti likafa, yeye akabaki na macho mekundu na tabia ya kurekebisha kila kilichoandikwa mbele yake. Siku ya kwanza kuja kwetu alisimama mlangoni dakika nzima akisoma karatasi yetu ya "Tafadhali vua viatu", kisha akatoa kalamu mfukoni, akatia nukta mwishoni. Jina likamganda hapo hapo, na hakulichukia. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na dada yake mkubwa, na dada huyo alikuwa na binti mmoja, basi.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la matairi. Wakijaza upepo huko chini, meza zetu huku juu zinatetemeka. Tuko watano, na tunatengeneza mchezo mmoja wa simu: mchezaji anapewa shamba, kuku watatu na kijiji kizima cha majirani. Majirani hao wamesimama barabarani, sokoni, mbele ya zahanati. Ukimbonyeza mmoja, kinafunguka kisanduku kidogo juu ya kichwa chake, naye anasema neno. Kisanduku kinabeba herufi sabini, nafasi na nukta zikiwemo, na haiongezwi hata moja. Kila jirani ana mistari yake kadhaa, na ikiisha anaanza tena ule wa kwanza. Kuandika mistari hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mzee Nukta.

Aliifanya kwa vidole. Alikuwa akigonga meza herufi kwa herufi, midomo ikicheza, na akifika sabini na moja anaguna kama mtu aliyejikwaa, anaanza upya. Sentensi ikishatoshea, anaipeleka kwa Bosi Mdogo, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye moyo mzuri na kichwa chepesi. Bosi Mdogo ana kipimo kimoja tu. Anasoma kwa sauti, akicheka, imepita. Na yeye ni mtu wa kucheka hata akiona mlango.

Humo ndimo mzee alimopitishia mambo yake. Mlinzi wa lango la kijiji, nilimchora na tumbo na filimbi, alikuwa anasema: "Simama! Nani wewe? Aa, pita tu. Mwizi tunayemlinda yumo ndani." Muuza duka: "Bei haijapanda, mteja wangu. Mfuko tu ndio umekonda." Mkuu wa kijiji, mwenye mkasi mkononi kila saa: "Leo nazindua kisima. Maji? Hayo ni ya uzinduzi ujao." Bosi Mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Wachezaji nao wakacheka. Mimi ndiye niliyeacha kucheka, nikavuta kiti mpaka mezani kwake.

"Mzee, hawa watu wako wanasema mambo makubwa."

"Wanatania tu, Mchoraji."

"Siku moja utatufungisha ofisi."

"Nani atakayefunga ofisi kwa sababu ya mchezo wa kuku?" Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Kule gazetini kazi yangu nusu ilikuwa kufuta. Mwandishi jasiri anaandika, mimi naambiwa futa, nafuta. Hapa hakuna anayenifuta. Acha nitanie."

Naomba isieleweke kwamba alikuwa shujaa. Nilimpenda yule mzee, lakini alikuwa mwoga kupindukia. Akiuziwa betri mbovu, anashukuru na kuondoka nayo. Akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba radhi. Ujasiri wake wote aliuhamishia midomoni mwa vijitu vya rangi vyenye urefu wa kidole gumba, na vijitu vile vilithubutu kweli kweli. Mwenyewe alikuwa akikaa nyuma yao, kimya, akihesabu herufi.

Sasa, huyo Mama wa Benchi. Alimwandikia mistari minane, wakati majirani wengine wana mitano au sita. Nilimweka nje ya zahanati ya kijiji, na hapo akakaa na namba yake. Ukimbonyeza anasema: "Namba yangu arobaini. Wameita tisa mara tatu. Huyo tisa ana bahati." Ukimbonyeza tena: "Nilikuja na kikohozi. Kimechoka kusubiri, kimeondoka." Tena: "Daktari kaenda kunywa chai. Nadhani majani ndiyo kwanza wanayapanda." Tena: "Usigonge mlango, mdogo wangu. Huo mlango nao unaumwa." Na wa mwisho kabisa, wa nane: "Nikilala, niamshe wakifika arobaini."

Watu walimpenda kuliko kuku. Sijui kilichowapata. Kila aliyewahi kukaa kwenye foleni alimwona yule mama akasema, huyu ni mimi. Walipiga picha kwenye benchi za benki, kwenye madirisha ya ofisi za vitambulisho, na chini wakaandika maneno yake. Lile la mwisho likawa msemo. Mkutano ukirefuka, mtu analaza kichwa mezani na kusema "nikilala, niamshe wakifika arobaini", chumba kizima kinacheka. Nimelisikia sokoni kutoka kwa mtu ambaye hata simu ya kuchezea hana.

Mzee Nukta hakulisherehekea hata siku moja. Tulidhani ni unyenyekevu.

Mpwa wake alikuja ofisini siku ya Jumatatu, mchana. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, dobi, ana chumba chake cha kufulia na pasi mbili, na alipoingia iliingia naye harufu ya wanga na nguo za moto. Mkononi alikuwa na jalada la kaki. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo dada," kisha akakaa mbele ya mjomba wake bila kuegemea kiti.

"Mjomba, wamekubali kutusikiliza. Kamati ya malalamiko ya hospitali. Tarehe ishirini."

"Ah. Vizuri, mama," akasema mzee, na kalamu ikamwanguka.

Mimi nilijua kwamba dada yake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Tulichanga, tukaenda kuzika, tukarudi kazini. Sikujua zaidi ya hapo. Siku hiyo, kwa kuwa chumba ni kidogo na masikio hayana mlango, nikajua. Dada alishikwa na kifua asubuhi. Binti alikuwa safarini kufuata mashine ya kufulia, kwa hiyo aliyempeleka hospitali ni mdogo wake, huyu mzee wetu. Walifika saa mbili asubuhi, wakapewa namba, wakakaa. Saa nane mchana ndipo walipoitwa. Masaa sita mazima, na mwisho wake dada hakuinuka. Hospitali ikaandika kwenye cheti maneno matatu: Aliletwa akiwa amefariki.

"Sitaki fidia yao," alisema yule binti. "Sitaki mtu afukuzwe. Nataka wafute hayo maneno matatu. Mama aliingia mle ndani kwa miguu yake. Wakiacha hivyo, ina maana hata hakusubiri. Ina maana hayakuwako masaa yale." Akafungua jalada. "Kadi ya namba walichukua. Watu wa benchi ile hatuwajui. Uliyekuwako ni wewe peke yako, Mjomba. Wewe ndiye ushahidi wangu wote."

Mzee aliisoma ile karatasi kama anavyosoma zote, kidole chini ya kila neno. Maisha yake yote alikuwa amerekebisha sentensi za watu, na hii moja ilimshinda hata kuigusa.

"Nitakuja," akasema.

"Utasema yote?"

"Nitasema."

Binti alifunga jalada, akauliza kwa sauti nyingine, ya chini. "Na Mjomba, kweli hakusema kitu? Masaa yote yale?"

"Alikuwa amechoka, mama. Alilala tu."

Akaitikia kwa kichwa. Niliona kwamba hilo swali alishaliuliza mara nyingi, na jibu lilikuwa hilo hilo kila mara. Akaaga, akarudi kwenye pasi zake.

Wiki hiyo hiyo Bosi Mdogo alikuja na wazo. Mchezo unatimiza miaka miwili, tutoe fulana, na kifuani iandikwe "Nikilala, niamshe wakifika arobaini". Akaitandaza ile ya mfano juu ya meza, ya njano, na Mama wa Benchi wangu mgongoni. Sote tukaishika. Mzee Nukta alisimama, akaichukua fulana, akaikunja mara nne, akaitia kwenye droo yake na kufunga kwa ufunguo.

"Mzee wangu, vipi tena?" Bosi Mdogo alikuwa bado anacheka.

"Hapana," akasema mzee. Lilikuwa neno la kwanza la aina hiyo kutoka kinywani mwake tangu tumjue. "Hapana, hapana, hapana." Akatoka.

Nilimkuta kwenye ngazi, amekaa baina ya tairi mbili kuukuu. Nikakaa ngazi ya chini yake. Mimi si mtu wa kubembeleza.

"Yule ni dada yako," nikamwambia.

Tairi ikapasuka huko chini, wakacheka mafundi.

"Ni maneno yake?" nikauliza.

"Yote," akasema. "Mimi sikuongeza kitu. Mengine niliyapunguza tu, yatoshee." Akavua miwani. "Alikuwa ananichekesha, Mchoraji. Aliniona nimeogopa, naye ndiye mgonjwa, akawa ananichekesha mimi. Kila nikisema niinuke nikagonge mlango, ananishika shati. Usigonge mlango, mdogo wangu, huo mlango nao unaumwa. Na mimi nikakaa. Nilifurahi aliponizuia. Hilo ndilo. Nilifurahi kwamba sina haja ya kugonga."

"Na lile la mwisho?"

"Alisema kama utani vilevile. Akaegemea bega langu. Nikamwacha alale, nikaona amepata nafuu. Hata nilipunga mkono watu wasipige kelele. Walipoita arobaini nikamtikisa."

Nililia pale ngazini, na mimi machozi yangu hayako karibu. Nililia pia kwa hasira, maana nilimchora yule mama pengo la jino ili achekeshe, na mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akisema "pengo liwe upande wa kushoto kidogo". Nilipojifuta nikamgeukia.

"Mpwa wako anajua?"

"Bado."

"Mwambie. Leo. Mwambie mama yake aliongea, na mwambie maneno yenyewe yako wapi."

"Nikishatoa ushahidi."

"Kabla, mzee! Mficha uchi hazai. Akija kuyasikia kwa mtu mwingine atakufa mara ya pili huyo mama."

"Nitamwambia," akasema, na nikajua kwamba hatamwambia.

Tukabaki na wiki mbili. Nilijipa kazi ya kumsaidia kuandika maelezo yake, kwa kuwa kamati iliruhusu asome. Alileta ukurasa wa kwanza. Nikausoma, nikausoma tena, nikahesabu kwa kidole. Kila sentensi ilikuwa herufi sabini au pungufu, na kila moja, Mungu anisamehe, ilichekesha mwishoni. Alikuwa ameandika: "Tuliingia wawili na kifua kimoja kibovu. Kikatuzidi nguvu."

"Hiki nini?"

"Maelezo."

"Haya ni majirani wa kijiji, mzee. Andika kama mtu. Saa mbili tulifika. Saa tatu alisema kifua kinabana. Saa nne nilimwendea nani, akanijibu nini."

"Najaribu." Na alijaribu kweli. Nilimwona akiandika sentensi ndefu, wazi, akaikata katikati, akaikata tena, mpaka ikawa ndogo, ya mviringo, tamu. Nilimgombeza, nikamwandikia ukurasa mmoja kwa mkono wangu, saa kwa saa, bila hata neno la kupendeza. Akaukunja akautia mfukoni. Akashukuru sana.

Tarehe ishirini tulikwenda watatu. Binti alivaa gauni la kijivu lililopigwa pasi mpaka mistari inakata. Ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba chenye kapeti na viti ambavyo bado vina nailoni ya dukani. Tuliambiwa saa nne, tukaitwa saa nne, dakika ile ile. Kamati ilikuwa watu watano: mwenyekiti mwenye mvi, watatu wa kati wenye mafaili, na mwanamke mnene mwenye uso wa upole mwisho wa meza. Pembeni alikaa mwanasheria wa hospitali, kijana mtaratibu, mwenye sauti ya kuomba samahani.

Binti aliongea kwanza, maneno machache, yaliyonyooka. Kisha akaitwa mjomba.

Mzee Nukta alisimama. Akatoa karatasi yangu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Sijui kwa nini. Baadaye aliniambia kwamba ilisomeka kama cheti cha hospitali, na yeye alitaka wamjue dada yake. Pengine ni kweli. Nikakunja ngumi chini ya meza.

Alianza vizuri. Alisema saa waliyofika, rangi ya milango, namba waliyopewa. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilisikika. Mwenyekiti akauliza, "Marehemu alikuwa katika hali gani? Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea vizuri sana."

Nilimwona binti akigeuza shingo.

"Alisema nini, kwa mfano?"

"Niliuliza daktari yuko wapi. Mhudumu akasema amekwenda kunywa chai. Dada akasema, nadhani majani ndiyo kwanza wanayapanda."

Mmoja wa wale wa kati alicheka puani. Hakutaka, kilimtoka. Mwenzake akatabasamu. Na hapo ndipo mzee wetu alipokosea, kosa ambalo mtu mwingine yeyote mwenye msiba asingelifanya. Alisikia kicheko na mwili wake ukakijua. Miaka miwili alikuwa akiishi kwa sauti hiyo, ikisikika, imepita. Mabega yakamshuka, sauti ikapanda, akaendelea. Akasema la namba tisa. Akasema la kikohozi kilichochoka kusubiri. Alisimamisha sentensi panapostahili, akaacha kicheko kiingie, akaendelea. Sasa wanne walikuwa wanacheka, hata mwenyekiti, kwa ule wema wa watu wanaomwonea mzee huruma. Akasema la mlango unaoumwa. Kisha uso ukambadilika, nadhani hapo ndipo alipojisikia mwenyewe, lakini mdomo ulikuwa umeshafika.

"Mwisho akaniambia, nikilala, niamshe wakifika arobaini."

Yule mwanamke wa mwisho wa meza alipiga makofi mara moja. "Jamani! Si ya ule mchezo wa kuku? Wanangu wanaisema kila siku nyumbani!" Akafunika mdomo, macho yakimcheka.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, nami niliutazama ukitumbuka. Mwanasheria alinyanyua mkono taratibu.

"Samahani, mzee. Unafanya kazi gani?"

"Naandika."

"Unaandika nini?"

"Mazungumzo. Ya mchezo wa simu."

"Mchezo huo anaoutaja mheshimiwa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo maneno haya umeyaandika wewe."

"Ni ya dada yangu. Mimi niliyaweka."

"Naelewa. Hata mimi naucheza. Na kuna mlinzi pale, anayemlinda mwizi. Huyo naye ni mtu uliyemwona?"

"Hapana. Yule nilimtunga."

"Na mkuu wa kijiji anayezindua kisima?"

"Nilimtunga."

"Sasa sisi tutajuaje, mzee wangu, wapi unatunga na wapi hutungi?" Aliuliza kwa adabu kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kazini.

Mzee Nukta alitia mkono mfukoni kutafuta karatasi yangu, akatoa leso, akaitazama. "Alikuwa hai," akasema. "Alikuwa hai masaa sita." Ilikuwa sentensi iliyonyooka, isiyochekesha, na ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeiandika.

Walinong'onezana dakika chache bila hata kututoa nje. Mwenyekiti akasema wanampa pole binti kwa kumpoteza mzazi. Akasema malalamiko ya foleni yanajulikana na yanafanyiwa kazi. Akasema kwa kukosa ushahidi wa kutegemewa, rekodi itabaki kama ilivyo. Yule mwanamke mpole hakuinua macho tena.

Tulishuka ngazi za nje. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wengi wakipanda na kushuka. Binti alisimama katikati ya ngazi, watu wakawa wanatukwepa.

"Ni maneno yake kweli?"

"Kweli tupu, mama," akasema mjomba wake.

"Na lile la chai?"

"Hata la chai."

Tabasamu lilimpita usoni, dogo, halikukaa. "Ni yeye kabisa," akasema. "Angesema hivyo hivyo." Halafu akamgeukia. "Wateja wangu wananisemea hayo maneno, Mjomba. Wanaleta nguo, wanakuta foleni, wananitania, nikilala niamshe wakifika arobaini. Na mimi nacheka nao. Mwaka mzima nimekuuliza mama alisema nini. Ukaniambia alilala tu."

"Nilikuwa naogopa utaniuliza kwa nini sikugonga mlango."

"Nisingekuuliza."

"Najua."

"Umewapa watu wote," akasema. "Umempa kila mtu, isipokuwa mimi."

Nilimshika mzee kiwiko maana niliona ataanguka. Sikuwa na hasira naye tena. Nilikuwa na hasira na vitu vingine vingi, lakini havikuwapo pale ngazini.

Binti alijifuta kwa kiganja, akaninyooshea mkono. "Dada, unao huo mchezo kwenye simu? Nionyeshe."

Nikaufungua, nikampeleka mpaka zahanati, nikampa simu. Aliketi kwenye ngazi na gauni lake lililopigwa pasi, akaikinga simu na jua kwa mkono. Alimtazama mama yake muda mrefu kabla ya kumgusa. "Pengo ni la upande huu kweli," akasema. Kisha akambonyeza. Alisoma kila mstari polepole, kwa sauti ya chini, akasubiri, akabonyeza tena. Alicheka mara mbili. Kwenye ule wa nane hakusoma kwa sauti.

Akabonyeza mara nyingine, na yule mama akasema namba yake ni arobaini, wameita tisa mara tatu.

"Huu nimeusoma," akasema, akamwinulia mjomba wake uso. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu, mama."

Akainama tena kwenye simu, akabonyeza.